Bustani ya kuchorewa mtandaoni: lipia mchoro, orodha ya mimea ikague mwenyewe

Vifurushi vya huduma hii vinafanana kama shilingi kwa ya pili. Mteja anajaza fomu, anapima uwanja, anapiga picha kila upande, anatuma. Baada ya siku kadhaa anapokea faili lenye vitu vitatu: mchoro wa uwanja ukitazamwa kutoka juu, picha za kompyuta za bustani ikiwa imekamilika, na orodha ya mimea yenye idadi. Baadhi huongeza ukurasa mmoja au miwili ya maelekezo kwa fundi. Mbunifu hafiki nyumbani hata mara moja. Ndiyo maana bei ni nafuu kuliko ya mbunifu anayekuja na tepu yake mkononi, na ndiyo maana pia makosa ya huduma hii yana sura ileile kila mara.

Kwa mwenye haraka: mchoro tunaupa nyota nne kati ya tano, picha nyota mbili, orodha ya mimea nyota moja na nusu. Wastani hauna maana hapa, kwa sababu kinachokufa baada ya miezi sita si mchoro.

Kabla ya kutuma chochote

Kazi huharibikia kwenye fomu. Nyingi huuliza urefu na upana wa uwanja, basi. Uwanja ulio mstatili kamili ni nadra. Kona inayoonekana kwa macho kuwa ya nyuzi 90 inaweza kuwa ya 86, na kwenye ukuta wa mita 12 tofauti hiyo ndogo inausogeza mwisho wa ukuta kwa zaidi ya sentimita 80. Hiyo ni karibu njia nzima ya kupita kwa miguu.

Dawa yake ni kupima kila kitu kutoka pointi mbili zisizohama, kwa kawaida kona mbili za nyumba. Mti uliopo, mfuniko wa chemba, nguzo, kona ya uzio: kila kimoja kipate namba mbili, umbali kutoka kona A na umbali kutoka kona B. Mchoraji akizungusha bikari mara mbili, pale mistari inapokatana ndipo kitu kilipo, hata kama uwanja umepinda namna gani. Ukitaka kuhakikisha kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Ncha mbili zikiachana kwa mita 5 kamili, kona ni ya nyuzi 90.

Teremko ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu picha ya simu hulifanya lionekane tambarare. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ujaze bila mapovu, mmoja ashike ncha moja ukutani na mwingine ncha ya pili mwisho wa uwanja. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Kila mtu apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji. Upande wa nyumba ukisoma sentimita 95 na upande wa uzio 131, mita 8 mbele, ardhi inashuka sentimita 36. Hapo tayari unajua kuna ngazi mbili au zaidi zitakazohitajika ukitaka kusawazisha, na mbunifu ambaye hakupewa namba hiyo atakuchorea baraza moja tambarare litakaloning'inia hewani.

Ongeza pia mambo ambayo fomu huyasahau: mabomba na nyaya zinapopita chini, mahali maji ya paa yanapoangukia, milango inafungukia upande gani, na urefu wa kila kizingiti cha dirisha kutoka ardhini. Kizingiti cha sentimita 90 kinamaanisha kichaka chini yake kisizidi sentimita 80 kikikomaa, la sivyo mtu atakuwa anakikata maisha yake yote.

Halafu jua. Kwenye nakala ya mchoro, chora kivuli kinapoishia saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku ndiyo ya jua kamili. Muda wa saa tatu hadi sita ni nusu kivuli. Chini ya tatu ni kivuli. Kazi hii huchukua siku moja na ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote utakazompa mbunifu. Taja na mwezi uliopima, kwa kuwa kivuli huhama kadiri mwaka unavyokwenda.

Mchoro: hapa fedha haipotei

Mtu asiye na mazoezi akichora bustani yake, hukosea kwa namna moja: hubandika vitu kandokando ya uzio na kuacha uwazi katikati. Vitanda vya mimea vinakuwa vyembamba, sentimita 50 au 60, ambavyo havitoshi hata kichaka kimoja cha wastani. Wachoraji wa huduma hizi, hata wale wa bei ya chini, huliona hilo mara moja. Wanapanua vitanda hadi mita moja na nusu au mbili, wanapunguza ukoka, wanapindisha njia pale tu penye sababu ya kupinda. Katika uwanja mdogo, badiliko hilo peke yake linalipa gharama.

Vipimo vyao vya njia kwa kawaida ni sahihi. Njia kuu ya watu wawili kupishana inataka sentimita 120, njia ya mtu mmoja na toroli inataka 90. Kwa ngazi za nje kanuni ni kuzidisha kimo cha ngazi mara mbili na kuongeza upana wa pa kukanyagia; jumla iwe kati ya sentimita 63 na 66. Kimo cha 15 na kina cha 35 kinatoa 65, na mguu hautafuti. Sehemu ya meza hupimwa hivi: meza ya sentimita 90 kwa 180, ongeza 90 kila upande ili kiti kirudishwe nyuma, unapata eneo la mita 2.7 kwa 3.6. Chini ya hapo kiti cha mwisho kitaingia kwenye maua. Sakafu yoyote inayogusa nyumba iteremke kwa angalau sentimita 2 kila mita kuelekea nje. Hili likikosekana kwenye mchoro, rudisha.

Nyota ya tano imepotelea kwenye mambo mawili madogo yanayoudhi.

La kwanza ni skeli. Faili huja limeandikwa 1:50 au 1:100, kisha mtu analichapisha na mashine inalibana lienee kwenye karatasi. Kuanzia hapo kila kipimo cha rula ni uongo. Mchoro mzuri una mstari wa skeli uliochorwa ndani yake, ambao hubanwa pamoja na mchoro. Kama haupo, omba uwekwe, na kabla ya kumpa fundi pima kitu kimoja unachokijua, tuseme upana wa lango, uone kama namba zinakubaliana.

La pili ni mikunjo. Kitanda kinachoinama kama mto kwenye karatasi ni kizuri, lakini fundi mwenye kamba na vigingi anahitaji namba. Ama apewe kitovu na urefu wa nusu kipenyo, ama apewe mstari ulionyooka na umbali wa kutoka kwenye mstari huo hadi ukingoni kwa kila mita moja. Bila hayo atakadiria, na mkunjo wa kukadiria hutoka na kona.

Picha za kompyuta

Zitazame mara moja, mwonyeshe mwenzako, kisha ziweke pembeni. Mimea yote imekomaa siku ya kwanza na yote imetoa maua wiki moja, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye bustani yoyote. Faida yake halisi ni kuona vimo: kama ua wa mimea utaziba jirani, kama mti utafunika dirisha la ngazi ya juu. Muuzaji anayetoa picha nane na ukurasa mmoja wa mimea ameweka nguvu mahali pasipo.

Orodha ya mimea

Anza na majina. Orodha yenye majina ya mitaani tu ni karatasi ya kufungia karanga. Neno yasmini linabeba mimea isiyohusiana: Jasminum sambac ni kichaka kinachotambaa, Trachelospermum jasminoides ni mmea wa kupanda ukutani, Murraya paniculata ni kichaka cha uzio kinachofika mita 3 na kuendelea, na Cestrum nocturnum, unaonukia usiku, una sumu. Mwenye kitalu atakupa aliyo nayo, na hatakuwa amekudanganya. Jina la kisayansi ni lazima, na aina yake ndani ya alama za kunukuu ni lazima pia. Thuja occidentalis 'Smaragd' husimama kama mshumaa, upana wa mita moja au zaidi kidogo, kimo cha mita 3 au 4. Thuja 'Green Giant' hupita mita 15. Orodha inayosema "thuja, 12" haijasema kitu.

Baada ya jina, kila mstari unatakiwa kuwa na kimo na upana wa mmea ukikomaa, nafasi kati ya mche na mche, ukubwa wa chungu cha kununulia, mahitaji ya jua na ya maji. Orodha nyingi zina jina, idadi na picha ndogo. Picha ndogo ni ya ua lililochanua.

Tuchukue kitanda kimoja tukikague kwa karibu. Kiko kando ya ukuta wa magharibi, mita 6 kwa 1.5, mbele yake njia ya sentimita 90. Orodha inasema: hibiskasi (Hibiscus rosa-sinensis) 7, mimea ya kufunika udongo 40.

Hibiskasi ya kawaida ikiachwa huru hutanuka mita moja na nusu hadi mbili na zaidi. Tukadirie 1.8. Mita 6 ukigawa kwa 1.8 unapata vichaka vitatu, si saba. Saba ni idadi sahihi ikiwa unataka uzio wa mimea wa kukatwa kwa mkasi, mche kila sentimita 85 hivi. Orodha haikusema ni ipi kati ya hizo mbili, na fundi atapanda saba. Mwaka wa kwanza patapendeza. Mwaka wa tatu vitakuwa vinakabana koo, chini vimebaki vijiti bila majani kwa sababu mwanga haufiki, na mtu ataanza kung'oa kimoja katikati ya kila viwili.

Endelea. Kichaka huru hupandwa nusu ya upana wake kutoka ukutani, na sentimita 30 zaidi ili hewa ipite na mtu aweze kufikia ukuta. Nusu ya 180 ni 90, ongeza 30, shimo liko sentimita 120 kutoka ukutani. Kutoka hapo kichaka kinatanuka 90 nyingine mbele, jumla 210. Kitanda kimeishia kwenye 150. Sentimita 60 za majani zitakuwa juu ya njia, na njia ya 90 imebaki na 30. Mchoro ulikuwa sahihi, orodha ilikuwa na mmea halali, na vyote viwili pamoja vimeziba njia. Aliyechagua mimea hakurudi kuangalia kitanda kina upana gani. Kosa hili moja ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na hesabu yake haichukui dakika mbili.

Ile mimea 40 ya kufunika udongo ina hesabu yake pia. Ukipanda kwa miraba, nafasi ya sentimita 30 inataka mimea 11 kwa mita ya mraba. Nafasi ya 40 inataka 6. Nafasi ya 20 inataka 25. Ukipanda kwa pembetatu, mistari ikipishana, ongeza kama asilimia 15. Mimea 40 ya nafasi ya sentimita 30 inafunika mita za mraba tatu na nusu. Kama udongo uliobaki wazi ni mita za mraba 6, magugu yatajaza pengo kabla ya mimea kufika. Heri upunguze aina, upate idadi inayotosha.

Sasa jua. Vielelezo vingi vya usanifu vimetungwa na watu wa kaskazini mwa dunia, ambako upande wa kusini wa nyumba ndio wa jua na upande wa kaskazini ni wa kivuli. Kusini mwa dunia mambo ni kinyume. Karibu na ikweta, jua liko kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, kwa hiyo pande zote mbili hupata zamu. Kinachotofautisha vitanda ni mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi hupokea jua la alasiri, hulihifadhi, na kulirudisha hadi usiku. Jimbi lililowekwa hapo kwa kuwa "si kusini, kuna kivuli" litakuwa kahawia ndani ya majuma machache. Muulize mbunifu swali moja: umejuaje upande wa jua? Akitaja michoro yako ya kivuli, vizuri. Akitaja dira peke yake, rudia kukagua kila mmea.

Wengine huchagua kwa kanda za baridi za USDA, mfumo wenye kanda 13 ambao ramani yake ilisasishwa mwaka 2023. Ni kipimo kizuri cha jambo moja: wastani wa baridi kali zaidi ya mwaka. Hausemi lolote kuhusu joto, mvua wala unyevu wa hewa. Ukiutumia mfumo huohuo nje ya Marekani, sehemu kubwa ya Ayalandi na mji wa Tucson huko Arizona zinaangukia kanda ya 9. Fuchsia magellanica imeota kuwa uzio wa mimea kando ya barabara magharibi mwa Ayalandi. Tucson ni ya kuwasha moto. Mahali pasipo baridi ya kugandisha, namba hiyo haikuchagulii mmea wowote.

Kuhusu udongo, fomu nyingi huuliza "ni mzuri au mbaya?" Pima mwenyewe. Chimba shimo la sentimita 30 kwa kina na upana, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, kisha pima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Sentimita 2.5 hadi 7 hivi kwa saa ni kuzuri kwa mimea mingi. Chini ya moja, mizizi ya mimea mingi itaoza, na rosemari na lavenda ndizo za kwanza. Juu ya 10, maji yanapita tu. Chagua mimea ya ukame au ongeza mboji kwa wingi. Kujua umbile lake, tia udongo kwenye chupa ya kioo hadi theluthi moja, jaza maji, weka tone la sabuni, tikisa. Mchanga hutua kwa dakika moja, tope laini kwa saa kama mbili, mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Soma tabaka.

Kando ya nyumba kuna jambo la pekee: saruji. Chokaa iliyomo kwenye plasta na vifusi vilivyofukiwa wakati wa ujenzi hupunguza uchachu wa udongo. Ixora, gardenia na azalea hutaka udongo wenye pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni chachu) ya 5 hadi 6 hivi; ikipanda kupita 7 madini ya chuma yamo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Dalili ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwenye bustani huongeza mbolea ya kawaida, njano inazidi. Kunyunyiza mbolea ya chuma kwenye majani hurudisha rangi kwa muda tu. Na bado ixora ndiyo huwekwa kwenye orodha kama mstari wa mbele ya nyumba, sentimita 40 kutoka msingi. Ihamishie kitanda cha mbali au kwenye chungu.

Bogonvilia nayo hupangwa ovyo. Ina miba, hivyo ikae angalau mita moja kutoka njiani. Ikiwekwa kwenye mstari mmoja wa maji na mimea yenye kiu, itatoa majani tele na maua haba, kwa kuwa inachanua vizuri ikibanwa maji kidogo. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Kiriba kichanwe kando taratibu, bonge la udongo lisivunjike.

Kuna mimea ambayo ikionekana kwenye orodha, uliza mara mbili. Sphagneticola trilobata, yenye maua ya njano, husifiwa kuwa "hufunika udongo haraka". Kweli hufunika, na wa jirani pia; imo kwenye orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani iliyoandaliwa na wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, pamoja na Lantana camara, Arundo donax na Spathodea campanulata. Ukali wake hutofautiana na mahali, na baadhi ni mimea ya asili ya kwao, kwa hiyo uliza kuhusu eneo lako. Ficus benjamina, ambayo ndani ya nyumba ni mti mpole, ardhini huvunja sakafu na kuingia kwenye mabomba. Kama hakuna mita 10 hivi kutoka kwenye jengo, iache. Mwanzi wa Phyllostachys hutembea chini kwa chini na unataka kizuizi cha sentimita 60 kwenda chini. Wa Bambusa hukaa kwa kichaka. Ua wa Leylandii hukua kwa kasi ya karibu mita moja kwa mwaka ukiwa mchanga, na ukikatwa hadi kwenye sehemu ya kahawia isiyo na majani hauchipui tena hapo. Buxus nayo bado inarudiwarudiwa kwenye orodha za Ulaya kana kwamba nondo Cydalima perspectalis na ugonjwa wa kuvu wa majani yake havijawahi kusikika.

Penye watoto au mbwa, futa oleanda (Nerium oleander), ambayo ina sumu kuanzia mzizi hadi ua, na Cycas revoluta, ambayo mbegu zake ni hatari mno kwa mbwa. Mnyaa (Euphorbia tirucalli) hauna neno ukiwa mbali na mikono, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni shughuli. Fomu nzuri huuliza kama kuna watoto. Nyingi huuliza rangi unayoipenda.

Maelekezo kwa fundi

Karibu kila kifurushi kinaagiza kitambaa cha kuzuia magugu chini ya kila kitanda. Chini ya kokoto za njia, sawa, kinazuia kokoto kuzama kwenye udongo. Kwenye kitanda cha mimea ni kosa. Ndani ya miaka miwili au mitatu vumbi na majani yaliyooza hutengeneza udongo juu ya kitambaa, magugu huota humo, mizizi yake hupenya nyuzi na kung'oa inakuwa vita. Chini yake udongo unabanana na mboji haiwezi kuingia. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8 moja kwa moja juu ya udongo, yaachie shina nafasi ya sentimita 5 hadi 10 lisigusane nayo. Kwa kitanda chetu cha mita 9 za mraba, unene wa sentimita 7 ni mita za ujazo 0.63, yaani mifuko 13 ya lita 50.

Shimo la kupandia husemwa "lichimbwe kwa kina." Lisiwe. Upana uwe mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, kina kilingane nalo, na pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Mche uliozikwa shingo hudumaa na kuoza taratibu, mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna anayekumbuka ulivyopandwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi usijaze shimo mboji tupu, litageuka bakuli la kuhifadhia maji. Rudisha udongo uleule, mboji itandazwe juu.

Mfumo wa matone huchorwa mstari mmoja kwa bustani nzima, dakika 20 kila siku. Hesabu: tone la lita 2 kwa saa kwa dakika 20 linatoa lita 0.7. Kichaka kipya kinacholishwa na tone moja kinapata vikombe vichache tu, na maji hayashuki chini ya kiganja. Kipe matone manne kwa dakika 45, lita 6, kisha pumzisha siku mbili tatu. Mimea ya ukame iwe na koki yake. Nafasi ya matone ni sentimita 30 kwenye kichanga na 45 kwenye mfinyanzi, na mwanzo wa mstari kuwe na chujio la mikroni 130 na kipunguza presha cha baa 1 hadi 1.5. Kukiwa hakuna chujio, matone huanza kuziba mmoja mmoja, na utagundua kwa kuona mmea umenyauka.

Nani anunue

Mwenye uwanja tambarare au wa teremko dogo, asiyejua aanzie wapi, na aliye tayari kupima kwa siku mbili: nunua kifurushi cha chini kabisa, kisicho na picha, chenye haki ya kurekebishiwa mara moja. Tumia marekebisho hayo kwa orodha. Kabla ya malipo ya mwisho, dai majina ya kisayansi, upana wa kukomaa, ukubwa wa chungu na mmea mmoja mbadala kwa kila aina, kwa sababu kitalu hakitakuwa na vyote. Ukifika kitaluni, chomoa mche kwenye chungu: mizizi myeupe au ya rangi ya krimu ni hai, iliyozunguka kama kamba ichanwe au uuache mche, yenye harufu ya uozo irudishwe. Kati ya mche mrefu uliobanwa na mfupi uliojaa, chukua mfupi.

Kama ardhi inashuka zaidi ya mita moja kutoka nyumba hadi uzio, usinunue kabisa. Hapo patahitajika ukuta wa kushikilia udongo, na ukuta wa kimo hicho unataka mhandisi aje autazame udongo, apange mabomba ya kutoa maji nyuma yake, na aweke saini yake.